Munganga Garrod na Mkojo Mweusi

Mara hii tunawaletea maisha ya Archibald Garrod, munganga wa Uingereza. Alizaliwa London mwaka 1857. Baba yake naye alikuwa munganga wa jina kubwa. Mtoto akasoma Oxford, kisha akafanya kazi ku hospitali ya St Bartholomew's, kulekule London.

Wakati ile waganga walijua ugonjwa mmoja wa ajabu: mkojo wa mtu ukikaa ku hewa unageuka mweusi. Wengi walifikiri ni vijidudu vya tumboni. Garrod hakukubali. Mwaka 1901 jamaa moja yenye ugonjwa huo ilikuwa inangoja mtoto mwingine, basi akataka vitambaa vya mtoto viangaliwe tangu kuzaliwa. Siku ya tatu vikaonyesha weusi. Mtoto wa siku tatu, vijidudu vimeingia saa ngapi? Akaona tena kwamba wazazi wengi wa wagonjwa walikuwa ndugu wa karibu. Mwanasayansi Bateson, aliyejua kazi ya Mendel, akamusaidia kuelewa: ni urithi. Baba muzima, mama muzima, lakini kila mmoja amebeba kosa lilelile bila kujua.

Sasa kosa ni gani? Sisi wa kimia tulipenda hapa zaidi. Ukikula nyama ao maharagi, mwili unageuza tirozini mpaka inakuwa asidi homojentiziki. Hapo kuna enzimi moja yenye chuma ndani yake. Ile chuma inashika oksijeni, atomu zake zote mbili zinaingia ndani ya asidi, na pete ya kaboni sita inafunguka. Enzimi ikikosa, pete inabaki nzima. Asidi inatoka na mkojo. Ingine inabaki ku viungo, na mtu akikomaa, mgongo na magoti vinamuuma sana.

Mwaka 1908 Garrod alifundisha kwamba enzimi ndiyo inakosekana. Waganga wengi hawakujali, na yeye hakuwa na njia ya kuwaonyesha. Halafu vita ya 1914 ikamunyang'anya vijana wawili, na wa tatu akafa na gripe mwaka 1919. Akabaki na binti, Dorothy, ambaye mwaka 1939 alikuwa mwanamuke wa kwanza kuwa profesa ku Cambridge. Baba hakuona siku ile, alikufa 1936.

Mwaka 1958 ndipo wachunguzi wa Marekani walipima ini ya mgonjwa mmoja. Enzimi zingine za njia ile walizikuta. Ile moja, apana.