Dorothy Whitney: Tajiri aliyelipia jarida bila kuwaamuru wahariri

MAJARIDA machache ya maoni ya kisiasa hujiendesha kwa mauzo yake. The New Republic la Marekani liliishi takriban miaka 40 kwa fedha za mwanamke mmoja, Dorothy Payne Whitney.

Dorothy alizaliwa Januari 23, 1887 mjini Washington, baba yake akiwa Waziri wa Jeshi la Majini. Mama yake alifariki mwaka 1893 na baba yake mwaka 1904, wakimwacha yatima wa miaka 17 mwenye urithi wa mamilioni ya dola.

Mwaka 1911 aliolewa na Willard Straight, mwanadiplomasia wa zamani aliyefanya kazi na benki ya J.P. Morgan. Wawili hao walivutiwa na kitabu cha Herbert Croly kilichotetea serikali kuu yenye nguvu. Wakampa fedha za kuanzisha jarida, na toleo la kwanza likatoka Novemba 7, 1914. Makubaliano yalikuwa kwamba wenye fedha wasiwaamuru wahariri.

Willard alifariki Paris mwezi Desemba 1918, akimwachia mkewe watoto watatu. Mwaka uliofuata wahariri waliupinga Mkataba wa Versailles, ingawa awali walimuunga mkono Rais Woodrow Wilson. Wasomaji wengi walilihama jarida, lakini Dorothy aliendelea kufidia hasara. Hata alipoolewa na Mwingereza Leonard Elmhirst mwaka 1925 na kuhamia Dartington, Uingereza, hakuacha kulipa.

Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Jarida halikupata kujitegemea. Mwanawe, Michael, alipolisimamia baada ya Vita Kuu ya Pili, alimwajiri aliyekuwa Makamu wa Rais, Henry Wallace, kuwa mhariri mwaka 1946. Matumizi yaliongezeka, hasara nayo ikakua. Wallace aliondoka, akawania urais mwaka 1948 na kushindwa. Katika miaka ya 1950 familia iliachia umiliki.

Dorothy alifariki Desemba 1968 akiwa na umri wa miaka 81.

Thamani ya subira yake ilionekana baadaye. Mwaka 2012 jarida lilinunuliwa na Chris Hughes, mmoja wa waanzilishi wa Facebook. Desemba 2014 alimwondoa mhariri mkuu, na wahariri na waandishi wengi wakajiuzulu. Mwaka 2016 aliliuza. Fedha hazikuwa zimepungua. Kilichopungua ni ile ahadi ya mwaka 1914.