Farouk alikusanya sarafu, akapoteza taji

Jina la Mfalme Farouk wa Misri linapotajwa darasani, aghalabu hutajwa kwa haraka, kana kwamba ni daraja tu la kutuvusha tumfikie Gamal Abdel Nasser. Mwanafunzi huambiwa kwamba palikuwa na mfalme mnene aliyependa anasa, maafisa vijana wa jeshi wakampindua, na somo likaendelea. Mimi sioni kuwa maisha ya mtu huyu yanastahili kupitwa hivyo. Yana funzo kubwa kuhusu mamlaka, na njia nyepesi ya kulifikia funzo hilo ni kuifuata sarafu moja ya dhahabu ya Marekani, yenye chapa ya mwaka wa 1933, ambayo Farouk aliinunua, akaimiliki kwa miaka minane, kisha akaipoteza pamoja na kiti chake cha enzi.

Farouk alizaliwa jijini Cairo tarehe 11 Februari 1920, katika ukoo wa Muhammad Ali ulioanza kuitawala Misri mwaka wa 1805. Baba yake, Mfalme Fuad wa Kwanza, alifariki Aprili 1936 wakati kijana huyo wa miaka 16 alikuwa masomoni Uingereza. Aliporejea nyumbani alipokewa kwa shangwe kubwa. Alikuwa mzuri wa sura, na alizungumza na raia wake redioni kwa Kiarabu, lugha ambayo baba yake, aliyesomea Ulaya, hakuimudu vyema. Julai 1937 alikabidhiwa mamlaka kamili, na Januari 1938 akamwoa Farida. Wamisri wengi waliamini kwamba enzi njema imewadia.

Hata hivyo, taji hilo halikuwa na uzito ulioonekana kwa macho. Wanajeshi wa Uingereza walikuwa wangali nchini kwa mujibu wa mkataba wa mwaka wa 1936. Usiku wa tarehe 4 Februari 1942, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, balozi wa Uingereza, Miles Lampson, aliizingira kasri ya Abdin kwa vifaru na kumlazimisha mfalme achague moja: amteue Nahas Pasha kuwa waziri mkuu au aache ufalme. Farouk alikubali kumteua. Tangu usiku ule kila Mmisri alijua kwamba mfalme wao alikuwa akitawala kwa hisani ya wengine, na naamini yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko wote.

Kukusanya vitu kulikuwa ndiyo furaha yake. Alikusanya stempu, saa, vito na vyombo vya thamani, na sarafu kwa maelfu. Wafanyabiashara wa Marekani na Ulaya walimtumia bidhaa naye akanunua. Miongoni mwa hazina zake ilikuwamo sarafu ya Marekani ya senti tano ya mwaka wa 1913, ambayo ulimwenguni kote zinajulikana tano tu. Mwanzoni mwa mwaka wa 1944 akaongeza sarafu ya dola 20 ya mwaka wa 1933. Ili tuelewe alichonunua, yatupasa kurudi nyuma kidogo mpaka mwaka huo wenyewe.

Mwaka wa 1933 uliikuta Marekani katika dhiki kuu ya uchumi. Watu walikuwa wakipiga foleni kwenye mabenki kutoa fedha zao na kuficha dhahabu majumbani. Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa rais tarehe 4 Machi, na siku mbili baadaye akayafunga mabenki yote kwa muda na kuyakataza yasitoe dhahabu. Tarehe 5 Aprili akaamuru raia waisalimishe dhahabu yao kwa serikali. Kila mtu aliruhusiwa kubaki na sarafu za dhahabu zisizozidi dola 100, na sarafu adimu zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji ziliachwa nje ya amri hiyo.

Ajabu ni kwamba kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kiliendelea na kazi. Kati ya Machi na Mei mwaka huo kilipiga chapa sarafu 445,500 za dola 20, zenye sanamu ya mwanamke anayewakilisha uhuru, mwenge mkononi, kazi ya mchongaji Augustus Saint-Gaudens aliyefariki mwaka wa 1907. Hakuna hata moja iliyotolewa rasmi kwa umma. Mbili zilipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, na nyingine zikaamriwa ziyeyushwe, kazi iliyomalizika mwaka wa 1937. Linganisha hizo na sarafu za dola 10 za mwaka uo huo, ambazo zilitengenezwa 312,500. Chache kati yake zilikuwa zimetoka kiwandani kwa njia halali kabla ya milango kufungwa, na hizo huuzwa na kununuliwa waziwazi hadi leo. Mkusanyaji anayetaka kukamilisha sarafu za mwaka wa 1933 hupata senti moja bila taabu, hupata nusu dola ya San Francisco, na akiwa na ukwasi hupata hata dola 10 ya dhahabu. Akifika kwenye dola 20 hukutana na ukuta wa sheria.

Baadhi ya dola 20 hizo zilitoroshwa kiwandani kabla ya kuyeyushwa, na moja ikamfikia Farouk. Ubalozi wake ulipoomba kibali cha kuisafirisha nje mwishoni mwa Februari 1944, maafisa wa Marekani waliitazama, wakaiona kuwa sarafu ya wakusanyaji, wakatia sahihi. Wiki chache baadaye sarafu ya aina hiyo ilitangazwa mnadani New York, mwandishi wa gazeti akauliza maswali, na serikali ikatanabahi kwamba sarafu hizo hazikupaswa kuwapo kabisa mikononi mwa watu. Wapelelezi walinasa tisa kufikia mwaka wa 1952, na zote zikayeyushwa. Ile ya Farouk tu ndiyo iliyokuwa mbali na mikono yao, tena ikiwa na karatasi yenye mhuri.

Wakati huo huo mambo ya Misri yalikuwa yakienda mrama. Mfalme alikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa kabisa wa ardhi katika nchi ambayo wakulima wake wengi hawakuwa na shamba la kutosha kuwalisha. Mwaka wa 1948 jeshi lake lilishindwa Palestina, na minong'ono ya silaha mbovu na rushwa ikaizunguka kasri. Mwaka huo huo alimtaliki Farida, malkia aliyependwa na watu. Tarehe 26 Januari 1952 katikati ya jiji la Cairo kuliteketea kwa moto katika ghasia. Wapambe waliendelea kumsifu mfalme, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai 1952 maafisa wa jeshi walitwaa madaraka. Tarehe 26 Farouk alitia sahihi hati ya kumwachia ufalme mwanawe mchanga, Ahmed Fuad, aliyekuwa na umri wa miezi sita. Jioni hiyo akapanda meli ya kifalme Mahrousa bandarini Alexandria, akapigiwa mizinga 21 ya heshima, akaelekea Naples. Meli iyo hiyo ilikuwa imembeba babu yake, Khedive Ismail, kwenda uhamishoni kuko huko Naples mwaka wa 1879. Ufalme wenyewe ulifutwa Juni 1953.

Vitu alivyokusanya vilibaki nyuma. Mapema mwaka wa 1954 serikali mpya ilivipiga mnada katika kasri ya Koubbeh. Marekani iliomba sarafu ya dola 20 ya mwaka wa 1933 iondolewe mnadani na irejeshwe. Iliondolewa kweli, lakini haikurejeshwa, ikatoweka. Farouk naye aliishi Italia kwa starehe na upweke, akafariki Roma tarehe 18 Machi 1965 baada ya chakula cha usiku mkahawani. Alikuwa na miaka 45. Alizikwa Cairo.

Sarafu inayoaminiwa kuwa ndiyo hiyo ilijitokeza tena mwaka wa 1996 jijini New York, mfanyabiashara mmoja wa Uingereza alipokamatwa akijaribu kuiuza kwa wapelelezi waliojifanya wanunuzi. Kesi ilikwenda miaka mitano. Sarafu ilihifadhiwa katika majengo ya World Trade Center, na ikahamishiwa Fort Knox miezi michache tu kabla ya majengo hayo kuangamizwa Septemba 2001. Kilichoamua mwisho wa shauri ni ile karatasi ya mwaka wa 1944. Pande mbili zilikubaliana kuiuza na kugawana mapato. Tarehe 30 Julai 2002 iliuzwa kwa dola 7,590,020, na mwaka wa 2021 ikauzwa tena kwa karibu dola milioni 18.9. Sarafu nyingine 10 za aina hiyo, zilizotokea mikononi mwa familia moja ya Philadelphia, mahakama iliamua mwaka wa 2011 kuwa ni mali ya serikali kwa kuwa zilitoka kiwandani kwa wizi, na mahakama ya rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka wa 2016.

Naomba mwalimu asimame hapo kwenye zile dola 20 za mwisho katika bei ya mwaka wa 2002. Mnunuzi alizilipa kwa Hazina ya Marekani ili sarafu hiyo itolewe rasmi na iwe fedha. Kwa miaka 69 ilikuwa na dhahabu, ilikuwa na sanamu na maandishi yote yanayostahili, lakini haikuwa fedha, kwa sababu umma, kwa njia ya serikali yake, haukuwa umeikubali. Dhahabu peke yake haikutosha, wala chapa.

Nionavyo mimi, hiyo ndiyo habari yote ya Farouk. Alikuwa na taji, kasri, meli na mizinga ya heshima. Sura yake ilikuwa juu ya sarafu za Misri. Mwaka wa 1936 alikuwa na kitu kingine ambacho hakikununuliwa, yaani ridhaa ya watu, na hicho ndicho alichokiacha kipotee huku akihangaika na vitu vya kununuliwa. Ilipokwisha ridhaa, vilivyosalia vilikuwa madini na chapa. Kufikia mwaka wa 1954 sarafu ndogo za Misri zilibeba picha ya Sphinx mahali pa uso wake, na shughuli za sokoni zikaendelea kama kawaida.

Wanaoudhika kwamba wafalme hupinduliwa na maafisa wenye bunduki wana hoja, maana bunduki nayo si ridhaa, na historia ya Misri baada ya hapo haikukosa machungu. Hilo halimsafishi Farouk. Linaonyesha tu kwamba swali aliloshindwa kulijibu huwangoja pia wanaokalia kiti baada yake.

Sisi Wakenya tuliliandika jibu letu katika Katiba ya mwaka wa 2010, inayokataza noti na sarafu zetu kuwa na picha ya mtu yeyote. Sarafu zilizotolewa mwaka wa 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Mwanafunzi anayeishika shilingi 20 leo anashika kitu ambacho thamani yake haitegemei sura ya mtawala, bali inatoka kwa wananchi wote waliokubaliana kuipokea. Kiongozi anayejua hilo hataona haja ya kukusanya kila kitu, na asiyelijua anaweza kukusanya hata sarafu ambayo haijapata kuwa fedha, akaondoka nayo isimfae hata kwa nauli.