Khedive Ismail: Dola iliyofika Kismayu ikaangushwa na madeni

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu tunapotaja historia ya Misri, wengi hukumbuka Musa (a.s.) na Firauni, kisha wakaruka hadi Azhar ya leo. Lakini yumo mtawala wa karne ya 19 ambaye khabari zake zilifika mpaka pwani yetu, na maisha yake ni funzo kwa dola na kwa nyumba zetu pia.

Ismail Pasha alizaliwa Cairo mwaka 1830. Baba yake ni Ibrahim Pasha, na babu yake ni Muhammad Ali, aliyeijenga Misri ikawa na nguvu ya kujiendesha ingawa ilikuwa chini ya Sultani wa Istanbul. Alisoma Paris, na mwaka 1863 (1279 Hijria) akashika utawala baada ya ami yake Said.

Alianza na bahati. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimezuia pamba ya huko, bei ya pamba ya Misri ikapanda sana. Ismail akajenga reli, mifereji, madaraja na simu za waya. Alifungua Dar al-Kutub mwaka 1870 na Dar al-Ulum mwaka 1872, na mwaka 1873 ikafunguliwa skuli ya serikali ya wasichana. Hayo ni mema na tunayataja kwa insafu.

Kwa Istanbul alinunua uhuru kidogo kidogo. Mwaka 1866 Sultani alikubali utawala urithiwe na mtoto wa kiume wa Ismail, na kwa hilo kodi ya kila mwaka ikapandishwa karibu maradufu. Mwaka 1867 akapewa cheo cha Khedive, na mwaka 1873 ruhusa ya kukopa nje bila ya kuuliza. Ruhusa hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza.

Jeshi lake nalo lilitanuka kusini. Suakin na Massawa zilikabidhiwa kwake 1865, Darfur ikaingia 1874, kisha Zeila na Harar 1875, ambako amiri wa mji, Muislamu mwenziwe, aliuawa. Mwaka huohuo manuwari zake, zikiongozwa na afisa wa Kiingereza McKillop, zilishuka Barawa na Kismayu, bandari za Sayyid Barghash wa Zanzibar. Askari wa Sayyid hawakuweza kuzizuia. Sayyid Barghash akalalamika kwa Waingereza, nao wakamshurutisha Ismail aondoke. Akaondoka.

Hapa tutue kidogo. Muislamu alimvamia Muislamu, na aliyevamiwa hakuwa na wa kumkimbilia ila mgeni. Miaka 11 baadaye, mwaka 1886, Waingereza haohao walikaa na Wajerumani wakamkatia Sayyid Barghash ukanda wa maili 10 tu wa pwani ya bara. Aliyeitwa kuamua ugomvi akawa mmoja wa wagawanao.

Na Ismail? Novemba 1875 jeshi lake lilivunjwa na Wahabeshi huko Gundet, na Machi 1876 likavunjwa tena Gura. Mwezi huohuo wa Novemba, kwa kukosa fedha, aliiuzia Uingereza hisa zake zote 176,602 za Mfereji wa Suez kwa karibu pauni milioni 4. Ni mfereji uleule alioufungua mwaka 1869 kwa sherehe kubwa, akiwaalika wafalme wa Ulaya kwa gharama ya dola yake.

Hizo hazikutosha. Mwaka 1876 deni lilifika takriban pauni milioni 90. Riba ilikula mapato, mikopo mipya ikalipa ya zamani, na mkulima wa Nile akatozwa kodi juu ya kodi. Wadai wakaweka wasimamizi wao juu ya hazina, kisha mwaka 1878 wakaingia katika baraza la mawaziri. Ismail alipojaribu kuwatoa, walimshinikiza Sultani, naye akamuuzulu kwa simu ya waya Juni 1879. Mwanawe Tawfiq akakalia kiti, na miaka 3 baadaye Waingereza wakaikalia Misri. Sudan na Harar zikapotea 1885.

Ismail aliishi Naples kisha Istanbul, akafariki Machi 1895, katika Ramadhani ya 1312, akazikwa Cairo katika msikiti wa Rifai.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimuomba Allah amkinge na uzito wa madeni. Nasi tunaona majumbani mwetu harusi zinazofanywa kwa mkopo wa riba ili majirani waone, na nyumba ikauzwa baada ya sherehe. Tukadirie matumizi kwa kipato. Tukigombana, tutafute suluhu sisi kwa sisi kabla ya kumwita wa nje.

Allah amrehemu Ismail kwa mema yake, amsamehe makosa yake, na atukinge na deni lisilolipika. Amin. Wallahu a'lam.