Paul Bomani: Kiongozi Aliyelelewa na Ushirika wa Pamba

Hayati Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri. Mwaka 1947 alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Zama hizo mnunuzi wa pamba ndiye aliyekuwa na mizani. Ratili zikipunjwa, mkulima hakuwa na pa kulalamikia. Bomani alizunguka Usukuma akiwahimiza wakulima waungane na kuweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1952 akaongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa.

Baadaye alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo cha Ushirika cha Loughborough. Aliporejea, mwaka 1955, alikuwa Meneja Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo hadi Uhuru lilikuwa limeshika biashara ya pamba yote ya jimbo hilo.

Bomani alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha nchini, kisha Balozi nchini Marekani. Alifariki dunia mwaka 2005. Maisha yake yanafundisha kwamba kumsomesha kiongozi aliyekwisha kuaminiwa na wakulima ni kuwainua wakulima wenyewe.