Rebecca Lancefield: Mwanamke aliyewaainisha bakteria wanaotishia watoto wachanga

MAMA mjamzito anayeelezwa, wiki chache kabla ya kujifungua, kwamba vipimo vimeonyesha ana bakteria aina ya streptokoka wa kundi B, aghalabu hupatwa na hofu maradufu. Huhofia maisha ya mtoto aliye tumboni, na wakati huohuo hujiuliza ni kosa gani alilotenda. Wapo hata wanaodhani kuwa herufi hiyo ni kipimo cha ukali wa maradhi.

Herufi B haielezi ukali wala aibu. Ni alama ya kutofautisha tu, iliyowekwa mwaka 1933 na mwanasayansi wa Marekani, Rebecca Lancefield, aliyetumia takriban miaka 60 ya maisha yake kuwachunguza vijidudu hao.

Lancefield alizaliwa Januari 5, 1895, katika kisiwa cha Staten, New York, akiwa binti wa afisa wa jeshi. Alipojiunga na Chuo cha Wellesley alikusudia kusomea lugha, lakini masomo ya elimu ya viumbe aliyokuwa akiyasoma mwenzake wa chumbani yalimvutia, naye akabadili mkondo. Alihitimu mwaka 1916, akafundisha katika shule ya wasichana huko Vermont, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Columbia kwa ufadhili.

Mwaka 1918 alipata shahada ya uzamili, akaolewa na mwanasayansi Donald Lancefield, na akaajiriwa kuwa fundi wa maabara katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, na streptokoka walikuwa wakiwaua askari katika kambi za mafunzo. Akiwa chini ya Oswald Avery na Alphonse Dochez, alisaidia kuonyesha kuwa vijidudu hao si wa aina moja. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1919, jina lake liliwekwa pamoja na ya wakubwa wake, heshima ambayo haikuwa ya kawaida kwa fundi. Mwaka 1925 alitunukiwa shahada ya uzamivu.

Njia aliyoibuni ilikuwa nyepesi kueleza lakini iliyohitaji subira. Aliwachemsha bakteria katika asidi hafifu ili kutoa sukari iliyomo katika kuta zao, kisha akaichanganya na seramu ya sungura ndani ya mirija myembamba. Utando mweupe ulipojitokeza, alijua bakteria hao ni wa kundi gani. Waliotoka kwa wagonjwa aliwaita kundi A. Waliotoka kwa ng'ombe, hasa wenye ugonjwa wa kiwele, aliwaita kundi B.

Miaka miwili baadaye, akishirikiana na Ronald Hare wa London, alichunguza bakteria waliopatikana kwa wanawake waliojifungua. Wenye homa kali ya uzazi karibu wote walikuwa na kundi A. Kundi B lilionekana kwa wanawake ambao hawakuwa wagonjwa. Ingawa mwaka 1938 iliripotiwa nchini Uingereza kuwa wanawake watatu walikufa kwa kundi B baada ya kujifungua, kwa miaka mingi kundi hilo halikupewa uzito.

Lancefield hakuwatupa bakteria wake. Alihifadhi maelfu ya sampuli, na maabara zilizokwama zilimletea vijidudu vyao awatambue. Mwaka 1961 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Wanakinga cha Marekani, na mwaka 1970 akachaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi.

Katika miaka hiyo ya 1970, madaktari waligundua kuwa kundi B lililodharauliwa lilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya watoto wachanga, kwa kuleta sumu ya damu, nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 80, bibi huyo alichapisha utafiti kuhusu kingamwili zilizowalinda panya dhidi ya kundi hilo. Aliendelea kwenda maabara hadi alipovunjika nyonga mwishoni mwa mwaka 1980. Alifariki dunia Machi 3, 1981.

Miaka mitano baadaye, watafiti wa Chicago walithibitisha kuwa mama mwenye bakteria hao akipewa dawa kwa njia ya mshipa wakati wa uchungu, mtoto hukingwa. Hadi leo penisilini ndiyo hutangulizwa, ikiwezekana saa nne au zaidi kabla ya mtoto kuzaliwa. Kumeza dawa mapema hakusaidii, kwa kuwa bakteria hurejea. Mwenye mzio wa penisilini hana budi kueleza mapema ili atafutiwe dawa nyingine.

Kuwa na bakteria hao si kuugua. Huishi tumboni na ukeni bila dalili, wala si ugonjwa wa zinaa. Utafiti uliofanyika Kilifi, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2016 uliwakuta kwa asilimia 12 ya wanawake waliofika kujifungua. Bila dawa, mtoto mmoja au wawili kati ya kila 100 wa akina mama hao huugua katika siku za mwanzo.

Marekani huwapima wajawazito wote katika wiki ya 36 au 37. Nchi nyingi hazina utaratibu huo, hivyo wakunga huangalia ishara za hatari: uchungu kabla ya wiki ya 37, chupa kupasuka kwa saa 18 au zaidi kabla ya kujifungua, homa wakati wa uchungu, au mtoto aliyetangulia kuugua. Baada ya kuzaliwa, mtoto anayekataa kunyonya, anayelegea au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja, hata akiwa na umri wa miezi miwili.

Chanjo za wajawazito zinaendelea kufanyiwa majaribio. Baadhi yake zimejengwa juu ya sukari zilezile za utando wa nje wa bakteria ambazo Lancefield alizitumia katika miaka ya 1930 kutofautisha aina za kundi B, wakati alipokuwa akichunguza vijidudu vya ng'ombe.