AHMAD BIN MAJID, MALIMU WA BAHARI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: enyi ndugu, hii ni khabari ya mtu ambaye jina lake hutajwa pwani yetu kwa sifa na kwa lawama. Yatupasa tumjue kabla ya kumhukumu.

Shihabuddin Ahmad bin Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, pwani ya Ghuba, ambako leo ni Ras al-Khaimah. Baba yake na babu yake walikuwa malimu wa vyombo katika Bahari ya Sham, na baba alitunga urjuza ndefu juu ya njia za bahari hiyo. Mwana aliisoma, kisha akaipima kwa safari zake mwenyewe. Na palipo na kosa alilisahihisha, ijapokuwa ni la mzazi wake.

Kitabu chake kikubwa, Al-Fawaid, alikitimiza mwaka wa 895 Hijria, yaani mnamo 1490. Kina milango 12. Ndani yake mna elimu ya dira na pembe zake 32, manzili 28 za mwezi, alama za nchi kavu, na misimu ya pepo. Malimu hupima kwa vidole kimo cha nyota ya Jaha, ielekeayo kaskazini. Nyota ikishuka hujua kwamba chombo kimekwenda kusini. Siku za kung'oa nanga nazo zimehesabiwa kwa Nairuzi, kwani aliyekosa kaskazi au kusi hulala bandarini miezi mingi. Tena ametunga Sufaliya, mashairi ya njia za pwani hii hata Sofala.

Ama lawama, ni hii. Mnamo Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapewa malimu na Sultani, akavuka mpaka Calicut kwa muda usiotimia mwezi. Baada ya miaka zaidi ya 70, Qutbuddin an-Nahrawali wa Makka aliandika kwamba malimu huyo alikuwa Ibn Majid, naye alionyesha njia akiwa amelevywa.

Lakini Barros, mwandishi wa Kireno ambaye kitabu chake kilitoka mwaka wa 1552, amesema alikuwa mtu wa Gujarati. Asema pia kwamba mtu huyo alitoa ramani ya pwani yote ya Hindi, yenye mistari ya kukingamana, wala hakustaajabia vipimo vya jua vya Wareno. Ibn Majid alikuwa Mwarabu wa Julfar. Kwa hoja hizi wachunguzi wengi wa zama zetu wameikataa tuhuma. Na njia yenyewe haikuwa siri: vyombo vya Malindi na Gujarati vilikuwa vikiivuka kila msimu.

Basi, ndugu, tusimzulie Mwislamu ulevi na khiyana kwa khabari moja iliyochelewa. Yeye hakumwachia hata baba yake neno lisilopimwa; nasi tuzipime khabari zake vivyo hivyo. Mwenyezi Mungu amrehemu.