Irving Fisher: Mchumi aliyefilisiwa na utabiri wake

IRVING Fisher alizaliwa mwaka 1867 katika Jimbo la New York, Marekani. Mwaka 1891 alitunukiwa shahada ya uzamivu ya uchumi na Chuo Kikuu cha Yale, ya kwanza kutolewa na chuo hicho katika fani hiyo.

Utajiri wake, hata hivyo, haukutokana na ualimu. Alibuni mfumo wa kutunza kadi za kumbukumbu za ofisini, akauuza mwaka 1925 na kuwekeza mamilioni katika hisa, nyingine akizinunua kwa mkopo. Kwa hiyo, aliyeulizwa kuhusu mwelekeo wa soko alikuwa na kila sababu ya kutamani lipande.

Oktoba 1929, siku chache kabla ya soko la New York kuporomoka, alitangaza kuwa bei za hisa zimefikia kiwango cha juu na zitabaki huko. Hata zilipoanguka aliendelea kuwatuliza watu, huku akizing'ang'ania zake. Nyumba yake ilinunuliwa na Yale, akawa mpangaji humo. Shemeji yake tajiri akamkopesha.

Mwaka 1933 alichapisha nadharia ya madeni: wengi wanapouza mali kwa pamoja ili walipe, bei hushuka, na deni lililobaki huzidi kuwa zito. Pengine ndiyo kazi yake bora, na ilimgharimu mno. Lakini imani ya watu kwake ilikuwa imekwisha, wakamsikiliza wachache. Alifariki Aprili 1947. Mabenki yalipoyumba mwaka 2008, wachumi waliifungua upya nadharia hiyo.